Nyumba Inayoishi kwa Maji Yake

3 Februari

Mjomba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokitaja mwaka jana kimechoka kukaa nawe. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu kwa maneno marefu kuliko karatasi niliyonayo. Kwa ufupi anataka kujua unakula nini na nani anakukumbusha kuvaa sweta. Kaka na mkewe wazima, na watoto wao wanarefuka mpaka suruali zinawakimbia miguuni. Mimi bado nasimamia chumba cha kufulia pale hotelini, na mikono yangu inanukia sabuni hata siku ya mapumziko.

Najua kwa simu ungeyapata haya yote leo hii. Lakini ulishatuambia kwamba simu unaisikia nusu, na nusu nyingine unaibuni mwenyewe. Basi nakuandikia.

Sasa la maana. Kisima kimepungua. Kaka alikuja Jumapili, akainama, akatupa kijiwe, akasikiliza. Kisha akasema mbele ya Mama bila kuzunguka: kiangazi kijacho hapa hapatakalika, nyumba iuzwe, Mama ahamie kwake ghorofani, ambako maji yanatoka ukutani.

Mama akamwambia, "Ukuta wako unatoa maji, sawa. Na majirani unatoa?"

Kaka alicheka, ila hakubadili neno. Usimwone mbaya, Mjomba. Anamhofia Mama kweli, na mimi nikimtazama Mama akivuta ile kamba naelewa hofu yake. Lakini nyumba hii Babu aliwaachia wawili, Mama na wewe, na kaka anasema ataliomba neno lako. Kama ameshaliomba, sijui. Mimi sikuombi chochote. Yeye ndiye niliyemwomba kitu kimoja: atupe kiangazi kimoja. Tukishindwa, nitamfungia Mama mizigo kwa mikono yangu mwenyewe.

Basi tumeanza. Pale hotelini maji ya kusuuzia ya mwisho hayamwagwi. Ndiyo yanayolowekea mzigo unaofuata, kwa sababu maji yaliyopita kwenye shuka safi bado ni safi kuliko shuka chafu yanayokwenda kukutana nayo. Utaratibu huo nimeuleta nyumbani. Tuna mabeseni matatu chini ya dirisha la jiko, na hakuna maji yanayoruhusiwa kupumzika baada ya kazi moja. Yaliyoosha mboga yanapiga deki. Yaliyosuuza nguo za leo yanaloweka za kesho. Ya kuogea yanakwenda kwenye mlimau na mipapai. Sabuni ya unga tumeiacha, tumerudi kwenye ya mche, tena kidogo, maana miti nayo ina mdomo.

Mama siku ya kwanza alikaa mlangoni akinitazama kama anatazama maigizo. Juma halikuisha akawa amenipokonya uongozi. Jana nimemkuta akimfundisha mgeni kunawa juu ya beseni: "Hapo hapo, baba, usinipotezee."

Niombee mema. Mpwa wako.


11 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako imefika Jumanne, imechakaa pembeni kama kitu kilichotembea kwa miguu. Mimi mzima. Kikohozi kimekwenda kwa watu wengine. Chumba changu ni kile kile: meza, kitanda, rafu ya vitabu iliyopinda katikati, na dirisha linalotazama ukuta wa jengo jingine. Ukuta huo naujua sasa kuliko ninavyojua nyuso nyingi. Jirani wa chini, dereva wa basi aliyestaafu, bado anaamka mapema kana kwamba abiria wanamngoja.

Mwambie dada yangu kwamba sweta ninavaa.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila mara nilisimama pale pale: hakuna maji yanayoruhusiwa kupumzika baada ya kazi moja. Nilikwenda bafuni kunyoa ndevu, nikalifungua bomba, nikaliacha linakimbia kama ninavyofanya kila asubuhi, kana kwamba maji ni redio ya kunichangamsha. Nikajiona kwenye kioo. Nikalifunga. Mwenzio nilikuwa na povu nusu ya uso na aibu nusu ya pili.

Tangu siku hiyo nanyolea kopo. Vyombo naosha kwenye beseni. Sokoni nakwenda na mfuko wangu wa kitambaa, na muuza mboga ameacha kunishangaa. Taa ya barazani iliyokuwa ikiwaka mchana kutwa nimeizima kwa mpini wa ufagio, kwa kuwa swichi yake iko juu kupita urefu niliobaki nao. Sasa nataka kuanza ndoo ya mboji: maganda na majani ya chai chini, magazeti yaliyochanwa juu yake, tabaka kwa tabaka, hadi viwe udongo. Magazeti ninayo ya kutosha, kama unavyojua.

Mengi ya nyumba hiyo nayakumbuka bila kujilazimisha. Ukingo wa kisima ulikuwa umelika upande mmoja tu, upande wa kamba, na ukipitisha kidole unaingia kwenye mfereji laini kama ndani ya kikombe. Nilipoondoka nilikuwa nimeacha shati langu limeanikwa uani. Nilidhani nitarudi kulianua.

Niandikie zaidi. Umefanyaje kuhusu kuni na mkaa? Mvua mtaikingaje? Nakuonea fahari ambayo sijui niiweke wapi katika chumba kidogo hivi.

Kuhusu lile ulilosema huliombi, nami leo silisemi.

Mjomba wako.


2 Mei

Mjomba mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Barua yako niliisoma kwa sauti, na Mama alicheka pale penye povu mpaka akashika ubavu. Watoto wa kaka wamefaulu mitihani yao, isipokuwa yule wa mwisho ambaye anasema mtihani ndio uliofeli. Hotelini tumepata mashine mpya inayokausha nguo kwa umeme. Nimeomba iwe ya siku za mvua tu, na meneja, baada ya kuzikuna ndevu zake, amekubali. Kamba zetu za kuanikia zimebaki.

Umeuliza kuhusu mkaa. Maharage sasa tunayachemsha kidogo tu, kisha sufuria inafunikwa, inazikwa ndani ya kapu lililojaa nguo kuukuu, na inajipikia yenyewe. Mama aliliita kapu la uchawi, sasa analiita "msaidizi." Akitoka kanisani, anasema, anamkuta msaidizi amemaliza kazi na hajaomba ruhusa ya kwenda kwao.

Na mvua zimekuja, Mjomba! Paa zima tumelizungushia mifereji ya bati inayoshuka kwenye tangi. Usiku wa mvua ya kwanza sikulala, nilikuwa nasikiliza maji yakiingia, mlio wake ukipanda kidogo kidogo jinsi tangi lilivyokuwa linajaa. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alikuja kuona, akaenda kumwamsha mumewe. Sasa nao wana mifereji, na mabaki ya vitambaa vyake anatushonea mifuko ya sokoni, kila mmoja wa rangi saba zisizopatana.

Kaka alipokuja alizunguka uani akiwa amefunga mikono mgongoni. "Waziri wa Maji," akaniita, "naona wizara imepanuka." Lakini aliugonga ubavu wa tangi kwa ngumi kujua limejaa kiasi gani, na aliposikia mlio mzito akagonga tena.

Mama amekaa hapa kitandani anasikiliza kalamu. Anasema mwandiko wangu unapiga kelele. Siku hizi hapendi kutoka nje, anasema uani kuna matope.

Ndoo yako ya mboji inaendeleaje? Mpwa wako.


14 Juni

Mpwa wangu,

Mimi mzima, na jengo zima linajua niko hai, kwa sababu ya harufu.

Nitakueleza. Ndoo inataka karatasi kavu juu ya kila tabaka la maganda. Nami kila nikishika gazeti ili nilichane, naona habari sijaisoma. Nilikuwa msomaji wa prufu, mwanangu, wa kusahihisha kurasa kabla hazijachapwa. Mkono wangu hauwezi kuchana ukurasa ambao jicho halijaupitia. Basi nikawa nakaa, nasoma, nasahihisha makosa kwa kalamu, na huku nyuma yangu maganda yanangoja bila blanketi. Siku ya joto jirani wa chini alipanda ngazi, akabisha hodi.

"Mzee, kuna kitu kimekufa kwako?"

"Hakuna kilichokufa. Kuna magazeti sijayamaliza."

Kisha akashuka, akarudi na gunia la majani makavu aliyoyafagia bustanini, akayamimina ndoo nzima, akasema, "Haya hayana habari yoyote. Tumia." Sasa ndoo ni yetu wawili, na inanukia kama ardhi baada ya manyunyu.

Hizo ndizo habari zangu. Sasa za kwako.

Kaka yako alinipigia simu. Nusu niliyoisikia ilitosha. Dada yangu aliteleza uani mwezi wa nne, kifundo cha mguu kikavimba, akalala majuma kadhaa.

Niliitoa tena barua yako ya Mei, nikaisoma kwa jicho la kazi yangu ya zamani. Kurasa tatu za maji, tangi, kapu na mifuko, na juu ya mguu wa dada yangu hakuna hata mstari. "Amekaa hapa kitandani." "Hapendi kutoka nje." Katika kazi ile, herufi iliyokosewa haikunitisha kamwe, kwa kuwa inaonekana. Kilichonitisha ni mstari ulioruka, kwa sababu ukurasa unasomeka vizuri bila huo.

Sikuandikii kukugombeza. Ulichofanya mwaka huu nimekisimulia kwa kila anayenisikiliza, na kwa dereva wa basi mara mbili. Nauliza tu: ndoo ya maji siku ile alibeba nani?

Kaka yako ameliomba neno langu, ndiyo. Aliliomba tangu Februari. Nilimwambia asubiri. Lakini ujue hili, nalisema wazi ili lisiruke: kama nyumba inabaki kwa gharama ya mifupa ya dada yangu, neno langu ni iuzwe, na sitalitafuta mara mbili.

Nijibu kwa ukweli wote. Mjomba wako.


9 Septemba

Mjomba mpendwa,

Salamu nyingi, na samahani kwa kimya hiki. Nilianza barua mara nyingi. Sisi wazima, na safari hii neno "wazima" nimelipima kabla ya kuliandika. Mama anatembea, mguu umepona, daktari ameridhika.

Ndoo aliibeba yeye. Nilikuwa nimemkataza, maji yote nilikuwa nayabeba mimi kabla ya kwenda kazini na baada ya kurudi. Lakini alikuwa ameficha kindoo nyuma ya mlango wa bafu, na nikishatoka anaoga, anajaza, anapeleka mwenyewe kwenye mlimau. Siku hiyo povu lilimwagika uani, akateleza. Sikukuandikia kwa sababu nilijua neno lako lingekuwa lipi, na niliogopa kwamba lingekuwa sahihi.

Barua yako ilipofika nilisimamisha kila kitu. Mabeseni nikayageuza chini. Bafu nikaliachia mtaro wa barabarani, maji yakaenda zake.

Unajua dada yako alifanya nini? Aligoma kuoga.

"Maji yangu hayaendi kumwogesha barabara," alisema. "Barabara ina mama yake."

Nilibembeleza, nikanuna, nikamtishia kwa daktari. Ikabidi nimwite kaka. Alikuja na maneno yake yote ya kumhamisha tayari mdomoni. Akamkuta Mama ameketi kitandani amejifunga kanga mpaka kidevuni kama mtu wa mahakamani.

"Mama, kwa hiyo unataka nini?"

"Nataka maji yangu yafike kwenye mti wangu. Nani atayafikisha, hilo mtajua nyie mliosoma."

Kaka alitoka nje. Alisimama kati ya bafu na mlimau kwa muda mrefu, akatazama mwinuko, akachuchumaa, akatazama tena. Kisha akavua saa, akavua viatu. Jumamosi iliyofuata alirudi na bomba, msumeno na jembe, na mimi nikashika upande wa pili. Tulichimba kutoka bafuni hadi kwenye miti, tukaweka bomba lenye matundu na kokoto chini yake, na tukaacha mteremko wa kutosha ili maji yatembee yenyewe. Mama aliketi kwenye kiti akituelekeza. Hajawahi kuchimba mtaro maishani, Mjomba, na hakuna alipokosea.

"Ningejua nina ufundi huu ningeacha ofisi," kaka alisema akijinyoosha mgongo.

"Ofisi itashukuru," Mama akamjibu.

Mama alipooga mara ya kwanza, kaka alikwenda kuchuchumaa chini ya mlimau kusikiliza. "Yamefika!" alipiga kelele, na sauti yake ilikuwa ile ya utotoni. Sasa hakuna anayebeba ndoo nyumba hii. Kwenye kisima nako amefunga pampu ya mkono. Mwezi mkavu kuliko yote umepita na bado inavuta maji. Habari ya kuuza hajaitaja tena, wala kuikana. Anasema neno liko kwa Mjomba.

Sasa Mama anataka kusema mwenyewe. Naandika kama anavyotamka:

"Mdogo wangu Gazeti. Nasikia umemtisha mtoto kwa ajili ya mguu wangu. Mguu ni wangu. Niliteleza kwa kiburi, maji msiyasingizie. Huyu mtoto nilimzaa nikadhani namjua, lakini mwaka huu ameniamsha. Nilikuwa nimeanza kukaa tu, nangoja siku zipite. Sasa nikiamka nina kazi: kuna maji ya kuelekeza, kuna maganda ya kufukia, kuna wanawake wanaokuja kuuliza. Wananiambia nalinda mazingira. Mimi nilikuwa nalinda mlango wangu. Kumbe ni kazi ile ile. Kama unataka kuuza nusu yako, uza. Ila uje mwenyewe unionyeshe kwa kidole ni nusu ipi."

Amemaliza. Anasema nisipambe mwishoni. Mpwa wako.


17 Oktoba

Mpwa wangu,

Nawasalimu wote, na wa kwanza ni dada yangu mwenye mguu wake. Afya yangu njema. Dereva wa basi anakusalimu pia. Ameanza kuzungumza habari zenu kana kwamba aliwahi kuwapitisha kituoni.

Nilimpigia simu kaka yako siku ile ile barua ilipofika. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Hakunipa nafasi. "Mjomba," alisema, na hili nililisikia lote, "lile neno nililokuomba, liache. Siwezi kumwuzia mtu bomba nililolaza kwa mkono wangu." Kisha akanieleza juu ya mteremko, kokoto na matundu, kwa muda mrefu, kwa furaha ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mimi nilikubali kila kitu, hata nilichobuni. Basi nyumba haiuzwi. Nimelisema, naye amelisema, na hapa naliandika.

Ulikuwa mkweli kwangu. Nami nikulipe kwa kukueleza nilivyochelewa. Kaka yako aliponiomba neno mwezi wa pili, moyo wangu ulitaka kusema ndiyo. Haikuwa kwa ajili ya dada yangu. Mambo yaliyoniondoa huko yalikwisha zamani, na tangu yaishe hakuna aliyenizuia kurudi. Kila mwaka nilijiuliza, kila mwaka nikajijibu kwamba mwakani. Nyumba ikiuzwa, swali lingeuzwa nayo, na mimi ningekaa na ukuta wangu kwa amani, mtu asiye na pa kurudi, asiyedaiwa jibu. Niliiona njia hiyo ikiwa tupu na nyepesi, na nilikuwa karibu kuipita.

Halafu barua zako zikaja, moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa na mtu anayefanya jambo dogo leo kwa ajili ya mti utakaozaa baadaye. Mwanamke wa umri wa dada yangu anagoma kuoga kwa ajili ya mlimau! Nilisoma vitabu vingi vya watu wakubwa waliotaka kuibadilisha dunia. Sikumbuki hata mmoja aliyenitikisa kama mtu anayekataa kumwaga maji ya mboga. Wao walinifanya nifikiri. Nyinyi mmenifanya nisimame, nichukue kopo, nizime taa, na siku moja nikajikuta nimesimama katikati ya chumba, sina tena cha kuzima.

Jana nimemwarifu mwenye jengo kwamba chumba changu kitakuwa wazi mwisho wa Januari. Rafu ya vitabu namwachia dereva wa basi pamoja na ndoo. Tiketi ya kuja nyumbani nimeshakata. Najua, Waziri, ndege inachafua hewa kuliko nitakavyoweza kuilipa kwa kopo la kunyolea. Lakini yangu ni ya kwenda tu.

Kipande hiki usimsomee dada yangu mbele ya watu. Mkalishe, mpe karatasi, umwache nayo peke yake.

Mjomba wako.